Siku Niliyosema Neema Hahitaji Kitu

Kuna Jumanne moja ya kiangazi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na huu ni mwaka wa kumi na nane. Jana uliponiambia mezani kwamba umejiandikisha kwenda kujitolea kwenye kambi ya kuelimisha watu kuhusu ulemavu, wewe na wenzako wawili wa kwaya, niliweka kijiko chini nikanyamaza. Ukadhani nimekasirika. Ukaniambia kwa Kiswidi chako kwamba baba usiwe na wasiwasi. Sasa nakuandikia, maana nikikusimulia kwa mdomo utanikatiza, na mimi nitaanza kupiga kelele, na habari hii haitaki kelele. Wasomee na wenzako.

Unanijua mimi ni nani. Darasa la sita sikumaliza. Nilifika nchi hii na begi moja la mgongoni, na leo ukisimama stesheni ya Hallunda asubuhi hazipiti dakika kumi hujaona gari letu la kuhamisha vyombo, jina limeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo hata asiye na miwani anazisoma. Nimeshusha piano kutoka ghorofa ya sita lifti ikiwa mbovu. Watu wenye digrii zao wananipigia simu kuniuliza kabati litapitaje mlangoni, na mimi nalitazama mara moja tu nawaambia. Sijisifu, nasema yalivyo. Lakini katika vyote nilivyowahi kubeba, mzigo nilioangusha vibaya kuliko yote ulikuwa maneno ya msichana mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na miezi minane tu Sweden, naishi Alby katika chumba cha vijana wanne, na kila asubuhi naenda darasa la Kiswidi la wahamiaji. Mwalimu wetu akasema kuna kambi ya wiki moja ya watu wenye ulemavu na familia zao, kando ya ziwa, mbele ya Jakobsberg, unashuka treni unapanda basi. Wanatafuta wanafunzi wa kujitolea, chakula bure, na lugha mtaishika haraka. Nikanyoosha mkono wa kwanza. Mimi kila kitu nilikuwa wa kwanza.

Wewe umezaliwa hapa, kambi kwako ni mahema ya rangi na soseji za kuchoma. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi Kigoma baada ya kukimbia Uvira. Nilipoambiwa kambi nikafunga blanketi, sahani ya bati, kikombe na kipande cha sabuni. Nilipofika nikakuta vitanda vimetandikwa shuka nyeupe. Mzee Shabani ndiye aliyenipokea mlangoni. Huyu alikuwa Mtanzania wa Tanga, alikuja zamani kwa masomo ya ufundi akabaki, anatembelea kiti cha magurudumu, na ndiye aliyekuwa anatufundisha sisi wa kujitolea.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Hiyo sahani unampelekea nani?"

"Yangu, mzee."

"Haya, ishikilie. Wakikunyima viazi utawapigia ngoma."

Kambini palikuwa na familia kama kumi na tano, Waswidi na wageni. Na palikuwa na Neema, wa Uvira kama mimi, miaka kumi na tisa, miguu yake haikuwahi kumbeba tangu alipougua akiwa mtoto mdogo, na mkono wa kushoto ulikuwa hauna nguvu. Aliishi Alby hiyo hiyo kwa mjomba wake, Mjomba Byamungu, ambaye alikuwa shemasi wa kanisa letu. Mtu anayeheshimika. Mimi nilipofika, koti langu la kwanza la baridi alinipa yeye. Neema alikuwa na miezi mitano Sweden na Kiswidi chake kilikuwa salamu tu.

Sasa sikiliza jambo lilivyokuwa. Mke wa mjomba alikuwa anaitwa kazi ya usafi siku moja moja, na mwezi wa nane ingekuwa kila siku; mjomba mwenyewe anatoka nyumbani alfajiri. Neema alitaka kuanza shule. Bila mtu wa kumtoa kitandani na kumfikisha huko, shule ingeanza na kwisha yeye amelala anatazama dari. Nchi hii inampa mtu kama yeye msaidizi wa kulipwa, lakini lazima kwanza uketi na afisa wa manispaa, akuulize, aandike. Na afisa wake, kwa bahati, alikuwa anakuja kambini Jumanne kuzungumza na familia mbili tatu papo hapo.

Jumanne akaja, mama mmoja wa makamo mwenye daftari. Mkalimani hakuja. Treni za mkoa zilikuwa zimesimama. Yule mama akasema basi, tupange siku nyingine, Ijumaa mimi naingia likizo, tutaonana katikati ya mwezi wa nane. Nikamweleza Neema, akaangalia magoti yake. Nikajitokeza.

"Hakuna haja ya kungoja," nikasema. "Mimi nipo. Najua Kiswidi."

Mwanangu, Kiswidi cha miezi minane! Lakini nilikisema kwa kifua mbele, na yule mama alikuwa amechoka, na Neema akainua uso kuniangalia kama nimemletea gari. Afisa akasema sawa, yatakuwa mazungumzo ya mwanzo tu. Tukaingia chumba kidogo watu watatu.

Akauliza: asubuhi unatokaje kitandani? Nikamgeuzia Neema swali. Akajibu kwa sauti ya chini, macho mezani.

"Mjomba ananibeba. Siku ambazo wote wametoka mapema, nakaa kitandani mpaka saa tisa mke wa mjomba anarudi. Chai sinywi, wala maji. Nikinywa nitahitaji choo, na choo sifiki."

Nilimsikia vizuri kabisa, neno kwa neno. Na Kiswidi cha kusema hayo nilikuwa nacho: kitanda, maji, choo, saa tisa, ni maneno ya mwezi wa kwanza darasani. Lakini nilimtazama yule mama wa Kizungu na kalamu yake, nikamwona Mjomba Byamungu na lile koti, nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Nimwambie Mzungu kwamba shemasi wetu anamwacha binti wa dada yake kitandani bila maji? Ataandika nini kuhusu sisi? Nikasema: "Familia yake inamsaidia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kwetu sisi hatumwachi mtu peke yake. Sisi si kama ninyi."

Yule mama akatabasamu, akaandika. Akauliza kuoga, kuvaa, kula. Neema anaeleza kirefu, mimi natoa jibu moja: anasaidiwa, hakuna shida. Mwisho Neema akanigusa mkono.

"Kaka Bahati, mbona maneno yangu marefu na yako mafupi?"

"Kiswidi ni lugha fupi," nikamwambia.

Akacheka. Hicho kicheko nakisikia hadi leo. Afisa akafunga daftari akasema ataandika maoni yake Ijumaa kabla ya likizo, na Neema akaniuliza amesemaje. Nikamwambia amefurahi sana. Uongo haukuwa huo, mwanangu. Alifurahi kweli.

Siku ile nilitembea kambini kama mtu aliyefanya jambo kubwa. Nimelinda jina la watu wetu. Nilimsimulia mpaka mpishi.

Jumatano Mzee Shabani akatupanga sisi wa kujitolea kwa mafunzo. Kila mmoja apewe kiti cha magurudumu, miguu ifungwe kwa kitambaa, mkono mmoja ufungwe kifuani, na ukae hivyo kuanzia chai ya asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Ukitaka kitu, umwombe mtu wa kambi, na useme kwa ukamilifu unataka nini. Yeye ataamua akusaidie sasa au baadaye, maana ndivyo wanavyoishi wenyewe.

"Mimi sitaomba kitu," nikasema kwa sauti wote wasikie. "Mimi nimebeba magunia ya unga tangu nina miaka kumi."

"Bahati," akasema Mzee Shabani, "gunia ni rahisi. Leo unajibeba mwenyewe."

Nikamimina kahawa kikombe cha kwanza kwa mkono mmoja, nikaonyesha watu kwamba haijamwagika. Nikamimina cha pili. Neema alikuwa meza ya pili.

"Kaka, leo usinywe," akasema polepole.

"Kwa nini?"

"Usinywe tu."

Nikanywa, na cha tatu nikanywa.

Saa tano tumbo la chini likaanza kunikumbusha. Nikatazama saa ya ukutani. Nikasukuma kiti kwa mkono mmoja kikazunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kinu cha kukamua mafuta. Mlango wa choo ulikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ningeweza kufungua kitambaa nikatembea, nani angenizuia? Lakini nilishasema mbele ya wote. Saa sita jasho likanitoka mgongoni. Saa sita na nusu nilikuwa sisikii tena watu wanasema nini, nasikia saa tu. Moyo ulikuwa unapiga kama nasubiri kuitwa uhamiaji. Nikamwita Mzee Shabani.

"Mzee, naomba msaada."

"Msaada gani?"

"Msaada tu, mzee, haraka."

"Msaada ni neno kubwa halina mikono. Sema unataka mikono ya mtu ifanye nini."

Wasichana wa darasa letu walikuwa wamekaa pale pale. Nikasema, mwanangu, nikasema yote: nahitaji mtu anisukume mpaka chooni, anifungulie mlango, anishike nihamie, anifungue mkanda. Wakati namaliza kusema nilikuwa nimeshachelewa. Nusu nilifika, nusu sikufika. Mzee Shabani hakucheka. Alinifungua kitambaa akaniambia nenda kaoge.

Chini ya yale maji ndipo nilipoyasikia tena maneno ya Neema kwa sauti yake ile ya chini. Chai sinywi. Choo sifiki. Mpaka saa tisa. Nikaelewa kwamba mimi nimeshindwa tangu chai ya asubuhi mpaka saa sita na nusu kwa mchezo, na yule msichana mchezo huo ndio asubuhi zake, na mtu pekee aliyepata nafasi ya kulisema jambo hilo nilikuwa mimi, na nikalimeza.

Ungedhani nilitoka nikakimbia kuungama. Hapana. Niliogopa. Alhamisi nzima nilimkwepa Neema. Akija upande wa jiko mimi naenda upande wa ziwa. Nilijiambia labda afisa ataelewa mwenyewe kwa kumtazama. Nilijiambia nikisema, Mjomba Byamungu atajua nilikuwa radhi kumwaibisha, na kanisani nitakaa wapi? Nilikuwa nahesabu: kesho Ijumaa, keshokutwa mama yule hayupo, na karatasi itasema Neema hahitaji kitu.

Jioni jua bado liko juu, maana ni Julai, nikamkuta anamenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwenye ubao wenye misumari. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele yake. Nikamwambia yote. Nilivyosema, na nilichokiacha.

Hakupaza sauti. Aliendelea kumenya kile kiazi mpaka kikabaki kidogo kama jicho la mbuzi.

"Ulimficha mjomba," akasema.

"Nilimheshimu, dada Neema. Ningesema vipi kwa Mzungu..."

"Ulimficha mjomba. Ukaficha na watu wa Uvira wote, na Congo nzima. Mimi, kaka, mimi uliniweka wapi humo ndani?"

Nikaokota kiazi kwenye beseni nikakigeuza mkononi. Mimi, Bahati, ambaye sikosi neno.

"Unafikiri mimi sikuona aibu kusema habari ya choo mbele ya mwanaume?" akaendelea. "Ilinichukua siku mbili kujiandaa. Nikasema, haya, acha nife aibu mara moja, nipate shule. Nikafa. Na wewe hukuifikisha hata hiyo." Akatupa kisu ndani ya beseni. "Afisa anafunga lini?"

"Kesho."

"Basi kesho utasema. Na mimi nitakuwa hapo nakuangalia mdomo."

Ofisi ile ilipokea simu kuanzia saa mbili mpaka saa tatu asubuhi tu. Saa mbili kasorobo tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, simu yangu ndogo mkononi, chaji imebaki kijisehemu. Saa mbili kamili nikapiga. Ikajibu sauti ya mashine: wewe ni wa kumi na saba kwenye foleni. Nikamwambia Neema. Akatikisa kichwa. Wa kumi na nne. Muziki. Wa kumi na nne bado. Dakika zinakwenda na foleni haisogei. Mzee Shabani akapita na kiti chake, akatuona, akakisimamisha kando ya benchi. Wa tisa. Saa mbili na dakika arobaini. Wa sita. Simu ikalia ile sauti ya chaji kwisha, nikataka kuitazama.

"Usiitoe sikioni," Neema akasema. "Ikizimika izimike, lakini usiitoe."

Wa pili. Saa tatu kasoro dakika nne akaitika, yule yule mama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakanikimbia, nikasema kwa Kiswidi changu kilichovunjika: "Jumanne nilisema uongo. Neema hasaidiwi kila siku. Neema yuko peke yake, mpaka saa tisa. Hanywi maji."

Nikadhani simu imezimika. Kisha akauliza, "Kwa nini ulisema hivyo?"

"Kwa sababu ya aibu yangu," nikasema.

Akasema hataandika maoni leo. Atamwachia mwenzake anayebaki, wiki ijayo kikao kipya, na mkalimani wa kweli. "Na si wewe," akasema. Kisha simu ikafa mkononi mwangu.

Neema akauliza amesemaje. Safari hii nikamwambia neno kwa neno, mpaka lile la si wewe. Hapo ndipo akacheka kidogo.

"Utakuja lakini," akasema. "Utakaa usikie."

Wiki ile sikulala vizuri, maana kwenye kikao alitakiwa Mjomba Byamungu pia. Siku ikafika. Ofisi, meza ndefu, afisa mwingine kijana, na mkalimani mama wa Kikenya kwenye simu ya spika. Mjomba alivaa suti ya ibada. Mimi nilikaa karibu na mlango kama mtu wa kukimbia. Neema akasema yote tena, na yule mama wa kwenye simu akayafikisha kwa Kiswidi yote, hakupunguza hata tone, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye anayelala pale kitandani anangoja. Kitanda, maji, choo, saa tisa. Nilikuwa namtazama mjomba. Nilingoja asimame. Nilingoja aniangalie na lile koti machoni.

Mjomba alivua miwani akaipangusa kwa tai.

"Andika hivyo hivyo," akamwambia afisa. "Ni kweli. Mimi mwenyewe nimekuwa nikienda kazini na moyo juu, nashindwa kuomba, nasema watu wataniona vipi." Kisha akageuka kwangu, mbele ya wote. "Bahati, Neema ameniambia ulinitetea. Nani alikutuma?"

Ndiyo hivyo. Niliyekuwa namlinda alikuwa anangoja mtu amfungulie mlango, na mimi nilikuwa nimeuegemea kwa mgongo.

Saa alizopewa Neema hazikuwa zote alizoomba, lakini asubuhi zote alipewa. Mwezi wa nane akaanza shule. Leo unamjua, ni yule shangazi Neema wa Hallunda unayemwona kila Krismasi, anayenisumbua kuhusu kitambi changu. Nikifika kwake ananimiminia chai mpaka ukingoni, anajimiminia na yeye mpaka ukingoni, ananitazama, tunakunywa. Hukuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa unaenda huko, mwanangu, una Kiswidi kizuri na Kiswahili cha nyumbani, na watakuita utafsiri, najua watakuita, maana wazee wetu bado wanakuja na lugha moja. Kuna mama atakwambia jambo linalokuchoma masikio. Kuna baba atasema kitu utakachoona kinatuaibisha sisi wote. Lifikishe lilivyo. Usilipambe, wala usilikate ncha. Aibu ni yake, na yeye ndiye ameamua kuitumia kupata anachokihitaji, nawe huna haki ya kuirudisha mfukoni mwake. Na kabla hujamshika mtu, kabla hujasukuma kiti cha mtu, muulize mikono yako ifanye nini, usubiri jibu. Ukikosea, na utakosea maana wewe ni damu yangu na tunapenda kujitokeza, usikae siku nzima unakwepa watu upande wa ziwa kama nilivyofanya mimi. Piga simu mapema, foleni ni ndefu.

Blanketi usibebe, wanayo. Sahani yangu ya bati ukitaka ichukue.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kifua changu na masikio ya yule mama wa kwenye simu. Akufikishe salama na akurudishe salama, na kila utakayeketi naye mezani huko anywe chai yake yote bila kutazama saa.